Neno Moja, Funga

Oulu, Januari, baridi imeshuka nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na wakala wetu wa kompyuta, asiyelala,
akasoma mstari nilioandika mwenyewe mwaka juzi
nikiwa na haraka ya kwenda kula:
*funga: hufunga mita.*
Akafunga.

Bibi Keränen wa ghorofa ya tatu
alikuwa ameomba mita mpya ya joto afungiwe ukutani.
Akafungiwa ile ya zamani, na bomba lake, na joto lote.
Alilala ndani ya koti la marehemu mumewe,
asubuhi akapiga simu, wala hakufoka.
Aliuliza tu, "Nilikosea kuomba?"

Ofisini Jarkko alisema mashine ni jinga, tununue nyingine.
Nilitazama mstari wangu kwenye kioo.
Maneno mawili. Nilikuwa nimejisifu kwa ufupi wake.

Tunafunga mzigo, tunafunga safari,
tunafunga kidonda, bao, ndoa, duka,
na hatupotei, kwa kuwa tumekua nyumba moja na neno hili,
tunalijua likiwa limenuna na likiwa linacheka.
Fundi Seppo angefika mlangoni,
angeona boksi jipya mikononi mwa bibi,
angejua ni funga ipi.
Wakala hana mlango wa kusimama.
Ana mstari wangu, basi.

Nilikwenda kuomba radhi, nimebeba mkate wa iliki.
Jikoni kwake, juu ya mashine ya kahawa,
palikuwa na karatasi ya mjukuu, imebandikwa kwa plasta ya kidonda:

*Kitufe cha kushoto: kahawa.*
*Cha kulia usikiguse, kinamwaga maji ya moto sakafuni.*
*Vijiko viwili, vile VIDOGO.*
*Ikikoroma, subiri. Isipokoroma, niite.*

Niliisoma mara tatu.
Bibi akadhani nasubiri sukari.

Usiku ule nilivua majina yote, nikaanza upya.

*weka_mita: hupachika mita mpya ukutani. Haigusi joto.*

*zima_joto: hukata joto la nyumba nzima.*
*Ndani huwa mna watu.*
*Usiitumie kwa kubahatisha.*
*Muda huhesabiwa kwa dakika, si sekunde.*
*Ombi likiwa na maana mbili, uliza kwanza;*
*kuuliza si kushindwa.*

Na pale zamani palipoandikwa *Kosa la 7*
(sikumbuki tena la saba lilikuwa nini,
hata Seppo hakumbuki, na yeye ndiye aliyelihesabu)
nikaandika: *Valvu imeganda. Usijaribu tena, utaivunja.*
*Mjulishe fundi wa zamu, umpe namba ya jengo.*

Jarkko akainama begani mwangu.
"Unaiandikia kama mtoto."
Hapana. Mtoto angenivuta shati aniulize.
Naandika kama kwa mgeni aliyefika usiku wa manane,
ana adabu, ana bidii ya kutisha,
hajui swichi iko upande gani,
na ataamini kila nitakalomwambia.

Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi.

Mistari ilirefuka. Mingine niliikata tena,
maana mgeni hahitaji historia ya ukoo wa bomba,
anahitaji kujua lipi lina moto.
Neno "kawaida" nilifuta mara kumi na nne.
Kawaida ya nani?

Februari, saa tisa usiku, simu ikatetemeka kando ya mto wa kulalia.
Ujumbe wa wakala:
*Nyumba ya Tervakuja, namba nane. Ombi linasema "funga".*
*Kuweka mita, au kuzima joto?*
*Nimesimama hapa mpaka nijibiwe.*

Dirisha lilikuwa limeota barafu kwa ndani.
Niliwasha taa, nikatafuta miwani,
nikacheka peke yangu, miguu ikiganda sakafuni:
*Nimesimama hapa*, kasema,
kama aliyeupata mlango hatimaye.
Nikajibu: *Kuweka.*
Halafu, kwa kuwa nilikwisha amka,
nikaongeza: *Asante kwa kuniamsha*,
ingawa hakuna zana yoyote niliyoielezea
inayojua la kufanya na neno hilo.