Mlango Namba Kumi na Nne

"Kumi na nne kiko wazi," asema Jawiambe
bila kuinua macho kwenye daftari la wageni,
na ufunguo anaouweka mezani
umefungwa kipande cha mti, kizito kama mchi wa mtoto,
ili mtu asiondoke nao mfukoni.

Simwambii kwamba namba hiyo naijua
tangu kabla sijajua kuandika jina langu.
Kwetu Pakwach mlango wa jiko ulikuwa wa mvule,
na juu yake tarakimu za shaba:
moja, wima,
na nne iliyolegea msumari,
ikigeuka kichwa chini kila upepo ulipovuma.
Moja na nne nilizisomea jikoni.
Mbili na tatu nilizikuta shuleni.

Mama aliununua sokoni mwaka wa vita
kwa debe la mtama na kuku mmoja mgonjwa.
Mwaka huo mabati yalivuka mto usiku,
na vitasa, na mabeseni, na godoro moja
lililolowa maji likawashinda wenyewe.
Hakuna aliyeuliza kitu kimetoka wapi.
Mvua ilikuwa inakuja.

Mlango wa sasa ni mwepesi, haulii.
Ukumbini wametundika picha za zamani:
wageni wenye kofia, bunduki, simba aliyelazwa,
na pembeni mtu aliyeshika trei.
Wote wameandikwa majina chini, yeye hakuandikwa.

Saa tano jenereta inakata.
Kiboko anapanda kutoka Nile,
namsikia chini ya dirisha akinyofoa majani,
kraa, kraa,
kama mtu anayechana kanga kuukuu apate matambara.
Askari wa zamu ananiona nimechungulia.
"Lala tu, mama," kwa Kiswahili chake cha kambini,
"hii nyama iko ya hapa hapa."

Asubuhi ngiri wamepiga magoti kwenye nyasi, wanakula.
Narudisha ufunguo.
Jawiambe anahesabu kwa kalamu: soda mbili, maji.
"Kuna kitu kingine ulichotoa chumbani?"

Nauona moshi wa miaka thelathini juu ya mvule,
alama za kisu pale Mama alipopima urefu wetu,
na ile nne, mpaka leo haijagongwa msumari.

"Hapana," nasema.
Kisha, begi likiwa begani:
"Labda zamani."

Anacheka.
Ananikatia risiti.