Udongo wa Kwenu

Ijumaa, kabla hajafuta ubao,
Mwalimu Kokushubila alitwambia:
Jumatatu kila mmoja aje na udongo wa kwao.
Chupa ya nusu lita, ijae mpaka shingoni.
Msiuchague, msiuchekeche,
uleteni na mizizi yake na aibu zake.

Ngwembe akachekelea, ana ekari mbili Chanika.
Siwema akasema wa kwao Mbagala
ni nusu udongo nusu mifuko ya rambo.
Mimi nikaandika daftarini: udongo, wa kwetu,
nikapiga mstari chini yake
nikabaki nautazama mstari.

Kwetu ni ghorofa ya tano, Kariakoo.
Kwetu ni zege, vigae, kamba ya nguo,
na beseni la mchicha barazani
uliooteshwa kwa udongo wa mfuko, wa dukani, wenye risiti.
Wa risiti si wa kwenu, nikajijibu.

Asubuhi nasoma, mchana nauza
bawaba, kufuli, misumari ya inchi nne.
Shemeji Mwinshehe hupita dukani,
huvitazama viatu vyangu vya mpira vyenye matope:
Udongo uwahi ungali maji, shemeji.
Miaka arobaini na mbili, unafinyangwa nini tena?
Sikumjibu. Nilikuwa napima misumari.

Jumapili nikashuka na chupa
hadi mtaa wa pili, penye uzio wa mabati.
Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya Bibi Mgeni,
vyumba sita, ukumbi katikati,
uani mlonge mmoja na jiko la mafiga.
Wajomba waliuza, wakagawana.
Fungu la marehemu mama likanifikia mimi;
dogo, lakini ndilo lililonilipia ada.
Sasa ni shimo, na nondo zimesimama ndani.

Mama, humu hakuingiwi, mlinzi akasema.
Nataka udongo.
Wa nini?
Wa shule.
Akacheka mpaka kofia ikamdondoka,
kisha akaipokea chupa, akashuka ngazi mwenyewe,
na kutoka chini akapaza sauti:
Wa juu au wa chini?
Hilo ndilo swali la kwanza katika kitabu chetu.
Nikamwonyesha ukingo wa shimo, kwenye kona,
pale penye weusi kama kahawa.

Tuliongeza maji, tukatikisa, tukaziweka chupa dirishani.
Mchanga ukatua kwanza, haraka,
kama mgeni aliyesikia harufu ya pilau.
Tope laini likafuata.
Mfinyanzi ulibaki ukielea siku mbili,
haujui ushuke au uondoke.
Juu kabisa, kipande cha mkaa.

Mwalimu akainama na rula.
Mchanga mtupu huu, akasema, maji yatapita kama njiani.
Akachovya karatasi, ikageuka rangi,
akaisogeza kwenye mwanga, akanyamaza kidogo.
Lakini kuna mtu alikuwa anaulisha.
Majivu. Magamba ya samaki. Miaka mingi.
Nani huyo?

Nikasema, alikuwa na jalala uani.
Nikataka kuongeza kwamba hakujua kusoma,
kwamba kila alfajiri alimwaga majivu palepale
na kumfukuza kuku yuleyule.
Nikaishia kwenye jalala.

Siku hiyo tulifundishwa pia
kwamba mfinyanzi uliokauka, hata ukapasuka,
ukiloweshwa polepole hulainika.
Uliopita tanuruni tu ndio haurudi.
Nikaiandika mara mbili,
moja yangu, moja ya shemeji,
ingawa yake sijampelekea.

Mwisho tukapewa vibandiko vya kujaza.
Mahali: Kariakoo.
Kina: sentimita thelathini, kwa makadirio ya mlinzi.
Mmiliki: nikaacha wazi.
Zao la mwisho: nikaandika mlonge, nikakata,
nikaandika: ada, mihula miwili.

Mwalimu aliweka alama ya kuuliza, kwa wino mwekundu.
Sikusahihisha.