Usifute

Kidogo kama kiberiti,
nimekinunua Makoroboi kwa Masalu
baada ya kubishana bei hadi akacheka mwenyewe.
Nyimbo mia nane, zimo kwenye kadi
isiyofika ukucha wa kidole cha mwisho.

Leo umeme upo. Mawe ya Bugando
bado yanatema joto la mchana,
nami napanga:
dansi huku, taarabu kule,
kwaya za Jumapili peke yao,
zisije zikasikia mengine.
Bugobogobo nimeipa folda pana.
Ngoma ya majembe haichezwi pafinyu.

Kisha kanda ya baba,
ile aliyoiandika kwa biki: USIFUTE.
Gitaa linaingia, linazunguka, linaukaribia utamu,
mara mama, marehemu mama, anakatiza:
“Kabula, funga mlango, mbu hao!”

Narudisha.
Mbu hao.
Narudisha tena.

Masalu alitaka kuisafisha,
eti sauti ya pembeni inaharibu.
Nikamwambia, thubutu.

Si dansi hii. Si kwaya.
Folda yake haina jina hadi sasa,
na upepo wa ziwa unaingia na wadudu wake,
nami na miaka yangu arobaini na moja
nainuka, spika masikioni,
nafunga mlango.