Swichi ya Saba

Ubao wa mvule, masalio ya mlango wa marehemu baba,
nimeutoboa matundu saba kwa keekee ya kuazima kwa Faki.
Taa. Feni. Honi. Wepa:
ya kiwandani ilinifia njia ya Konde, mvua ya vuli,
nikaendesha kichwa nje dirishani mpaka Wete.
Kila waya na fyuzi yake. Risasi ya moto imenidondokea gotini.
Majina nimeyaandika kwa rangi ya kucha ya mke wangu; hajajua.
Pampu. Redio, ikikubali.

Ya saba haina waya.
Hiyo ya Salhina.

Jana, kilima cha Limbani, gari ikaanza kukohoa.
Akaibonyeza kwa vidole viwili:
"Baba, nishatia nguvu!"

Wallahi, ikapanda.