Silabi ya Duqm

Bwana Noh, fundi wa chelezo,
aliniandikia silabi nyuma ya risiti ya petroli:
*gess*. "Ipachike baina ya shina na mwisho, Raiya,
kama nyinyi mnavyopachika *ta* yenu."

Nikijisemea mwenyewe, ni nia:
nitafunga hesabu leo, wallahi.
Nikimsema mwingine, nabahatisha:
meli itakuwa imeshapita Masira,
mpishi atakuwa amesahau chumvi tena.

"Na nikikuona macho mekundu
nitakwambia, utakuwa umechoka.
Silabi ni ile ile. Uchovu wako siujui,
naupapasa kwa nje tu,
kama mtu anayepima joto la bati."

Usiku mama akapiga kutoka Ibra.
Nikamwambia, Alhamisi nitakuja.
Kimya. Feni. Kijiko kinagonga kikombe.
"Utakuja," akasema,
sauti haikupanda, haikushuka,
nisijue kama ameipokea ahadi
au ananikisia.

Kisha: "Utakuwa hujala."

Nilikuwa sijala.