Bado

Mwezi wa kwanza jiji nililijua kwa namba:
ghorofa ya kumi na tisa, mlango wa tatu,
basi la mia mbili kumi na saba,
tarakimu sita za geti, nikizikosea
mlinzi ananitazama kama tangazo lililobandikwa kichwa chini.

Guiyang haina kosa. Ina mvua,
mvua isiyonyesha wala kukatika,
inayoning'inia tu, kama shuka lililogoma kukauka.

Ofisini niliuliza: shamba liko wapi,
wapi mtu anaweza kukanyaga udongo?
Kijana Peng akanielekeza bustani ya kiingilio yuan themanini,
yenye nyani wa saruji
na maua yaliyopandwa yasomeke "Karibu".
Jumapili iliyofuata nikapanda basi lolote hadi mwisho wa njia.
Mwisho wa njia palikuwa na kiwanda cha matofali
na mbwa watatu wasiohitaji mkalimani.

Kisha, lifti.
Bi Tian wa mlango wa kwanza, mstaafu wa kiwanda cha betri,
kikapu begani, funguo zikilia kiunoni kama njuga,
akaniuliza lile waliloniuliza wote tangu nifike:
Umekula?
Nilikwisha kufundwa kuwa hiyo ni salamu,
jibu nimekula, shika njia,
kama kwetu mtu anavyosema "salama" na paa linafuka moshi.
Ila siku ile sikuwa na salama hata ya kukopa.
Nikasema: Hai mei.
Bado.

Tukashuka ghorofa nne kimya.
Nikaliwaza hilo "hai" la kwao,
linavyosimama mbele ya "bado"
kama vile asiyekula angalau yu hai.
Bi Tian akabonyeza kumi na tisa.
Lifti ikafika chini kwanza, ikafunguka, hakuna aliyetoka,
ikatupandisha tena.

Tambi, pilipili, na kisahani cha vijizizi vyeupe,
zhe'ergen, vyenye harufu ya samaki aliyesahauliwa kabatini.
Nikatafuna. Macho yakanitoka.
Akacheka hadi akajifuta kwa aproni,
kisha akanionyesha kwa vidole: kesho, saa kumi na mbili na nusu.

Hivyo ndivyo nilivyofika Yanjiao,
kwa ukungu, kwa basi lililobeba bata kuliko watu,
hadi kwa wifi yake Ruilan, chini ya vilima vya chokaa
vilivyosimama kimoja kimoja
kama waalikwa wa harusi wasiofahamiana.
Ruilan hakuniuliza nimetoka nchi gani.
Alitazama viatu vyangu vya ofisini, akaingia ndani,
akatoka na mabuti ya marehemu mumewe.
Yalinibana. Nikakanyaga visigino,
nikashuka matuta nikiburuza miguu
kama mtoto aliyevaa viatu vya baba, ila kinyume.

Tulichimba magoti topeni.
Usivute kwa hasira, Bi Tian alinionyesha,
utabaki na majani mkononi.
Papasa, fuata mzizi unakoelekea, hata ukipita kwa jirani.
Maneno yangu yalikuwa saba, nikayamaliza kabla ya adhuhuri.
Baada ya hapo tulikaa tu.
Mara moja simu yake ililia: mwanawe, Shenzhen.
Alimwelezea jambo refu, huku akinitazama,
na nikasikia neno moja ninalolijua, kula,
na kicheko cha mtu wa mbali.

Ni Jumapili ya kumi na moja sasa.
Mzizi ule sijaupenda. Naula.
Mabuti bado yananibana, Ruilan ameyaandika jina langu
kwa kalamu ya wino, herufi mbili, moja nadhani ameibuni.

Jana jioni nilirudi na mfuko, lifti nzima inanuka.
Akaingia msichana mgeni, ghorofa ya kumi na sita,
sanduku lenye lebo ya Ulan Bator, nywele zimelowa.
Nikamwuliza: Umekula?
Nimekula, akasema, upesi upesi,
kama mtu anayelipa nauli.

Milango ikafunguka.
Nikauweka mguu wangu katikati, ikarudi nyuma,
ikaja tena, ikarudi.