Isikauke

Miaka ishirini na sita Shaame alizamisha mikono
kwenye visima vya Konde, Tumbe, Micheweni,
akiopoa pampu zilizokufa kwa chumvi,
akizipuliza, akizitukana mama zao,
mpaka zitapike maji.
Akirudi na grisi hadi kwenye kope
humwambia: hizo pampu ndizo wake zako,
mie nipo kwa ajili ya chakula cha usiku.

Sasa pampu imo ndani yake.

Duara, kama kifuniko cha kopo la maziwa,
chuma cha kijivu kisichojua kutu.
Wameilaza chini ya ngozi, kando ya kitovu,
na mrija, mwembamba kama uzi ninaoshonea kofia,
umetambaa hadi mshipa unaolinywesha ini.
Dawa haizururi mwili mzima ikigonga kila mlango.
Inaingia palepale,
tone na tone, nikiwa macho, nikiwa nimelala.

Wengine wangeuliza: nitaishi?
Yeye aliuliza: mota iko wapi?
Daktari akacheka. Haina mota, mzee,
haina betri, haina waya.
Mna vyumba viwili, kimoja cha dawa, kimoja cha gesi.
Joto lako huitanua gesi,
gesi huisukuma dawa.
Shaame akanyamaza kitambo.
"Kumbe umeme ni mie."
Na usiku tuliorudi umeme ulikatika Konde nzima,
akawa yeye peke yake anayefanya kazi.

Kwetu uchungu hukaa kwenye maini.
Mwaka ule mdogo wake, Faki, alipouza mikarafuu ya baba
bila ya neno,
Shaame alisema, "Faki kanikata maini,"
akalala siku tatu hajatia kitu mdomoni.
Nilimtajia daktari mwaka huo.
Hakuuandika.

Kila wiki mbili, boti ya Unguja.
Muuguzi Zuwena huitafuta pampu kwa ncha za vidole,
kama anayetafuta kisigino cha mtoto tumboni,
akipata kitovu chake, huchoma.
Mwezi damu ikiwa dhaifu hatii dawa, hutia maji ya chumvi.
"Lakini isikauke," anasema. "Mrija ukikauka, umeziba."
"Hilo nalijua tangu kisima cha Tumbe," anajibu Shaame,
na hapo tu namwona fundi wangu.

Faki ndiye anayempeleka bandarini.
Hawasemezani.
Hubeba begi, hulipa tiketi,
husimama gatini mpaka boti igeuke.

Nimemnyima maji ya moto aliyoyaoga tangu tuoane.
Homa ikipanda pampu hukimbia,
ndiyo maana kipimajoto kinalala mtoni,
pamoja na sindano yangu na kofia isiyokwisha.
Tarehe ya boti nimeiandika kwa mkaa juu ya mlango wa jiko.
Mvua ya juzi imefuta nusu.

Jana usiku nilimwekea sikio tumboni.
Sikusikia kitu. Nikamwamsha.
"Haisemi, Shaame."
"Pampu nzima haipigi kelele," akasema, "lala."
Nikaondoa sikio.
Nikabakisha kiganja,
kidogo tu,
nisije nikaiharakisha.